Pointi Anazo, Chumba Hana: Maswali na Majibu ya Marudio Kuhusu Taimushea

Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, Usimamizi wa Hoteli. Mada hii huwaponza wengi kwa sababu wanaijibu kana kwamba ni mada ya mauzo. Mtu anajaza kurasa mbili za mawakala wanaovizia watalii ufukweni, ilhali swali limeuliza kwa nini mwanachama aliyelipa kila kitu anaambiwa asubiri. Msahihishaji hatafuti hasira. Anatafuta mtu anayejua kuhesabu vyumba na siku za kulala.

Mfano wetu ni mmoja tu, Disney Vacation Club ya Florida, Marekani. Nimeuchagua kwa kuwa kanuni zake zinafuatika, na kwa sababu nyingine mtakayoiona kwenye swali la 3.

Swali la 1 (alama 3). Taimushea ni nini?

Ni mpango ambao watu wengi wananunua haki ya kutumia malazi yaleyale kwa zamu. Wapo wanaouita umiliki wa zamu, na jina hilo linaeleza vizuri kuliko lile la kigeni. Mnunuzi hulipa fedha nyingi mara moja mwanzoni, kisha kila mwaka hutoa ada ya uendeshaji: kodi ya jengo, bima, usafi, ukarabati, mishahara. Uende usiende, ada inadaiwa.

Andika "haki ya kutumia". Ukiandika "amenunua chumba" umekosa, hata kama mkononi ana hati. Hati hiyo haimtajii mlango wowote wa kufungua.

Swali la 2 (alama 6). Taja aina tatu za taimushea, na ueleze ni ipi isiyo na foleni.

Kuna wiki maalumu, wiki ya kuelea, na pointi.

Kwenye wiki maalumu, mwaka hugawanywa katika wiki zenye namba, kuanzia ya 1 hadi ya 52, na kila mtu ana yake. Mwenye wiki ya 51 hapigi simu wala hafungui tovuti. Anabeba mizigo anakwenda. Hapa foleni haipo. Lakini harusi ya mdogo wake ikiangukia wiki hiyohiyo, imekula kwake, labda aipeleke wiki yake kwenye kampuni ya kubadilishana kama RCI, iliyoanzishwa mwaka 1974, au Interval International ya mwaka 1976. Akishaipeleka huko na kuomba nyingine, naye ameshaingia kwenye foleni kama wenzake.

Wiki ya kuelea humpa mtu haki ya wiki moja ndani ya msimu fulani, ila ni ipi hasa, lazima aiombe mapema. Pointi ni kama fedha ya ndani ya klabu: unapewa kiasi fulani kila mwaka, unakitumia kwa siku na chumba upendacho, kama vipo. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo mada yetu yote.

Swali la 3 (alama 5). Eleza kwa ufupi historia ya Disney Vacation Club.

Hoteli yake ya kwanza ilifunguliwa Desemba 1991 ndani ya Walt Disney World, Florida. Leo inaitwa Old Key West. Tangu mwanzo klabu ilitumia pointi badala ya wiki. Baadaye ziliongezeka hoteli nyingine Florida, California, South Carolina na Hawaii.

Sasa ile sababu ya pili. Mojawapo ya hoteli hizo ni Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001, yenye twiga na pundamilia wanaopita chini ya baraza za vyumba. Sehemu zake mbili zinaitwa Jambo House na Kidani Village. Hii ya pili ilifunguliwa 2009. Migahawa ni Boma, Jiko na Sanaa. Mojawapo ya mbuga zake ndogo imepewa jina la Arusha. Mwanafunzi mmoja kutoka Arusha aliposikia hivyo aliniuliza, "Mwalimu, sasa sisi tukienda kule tunakuwa watalii au wenyeji?" Nikamwambia kwenye mtihani aandike "wageni".

Mwanachama wa hoteli hii hupewa hati ya sehemu ndogo ya jengo isiyogawanywa, na haki yake inakwisha 31 Januari 2057. Kila hoteli ya klabu ina tarehe yake ya mwisho.

Swali la 4 (alama 6). Fafanua maneno haya: chati ya pointi, mwaka wa matumizi, hoteli ya nyumbani.

Chati ya pointi ni jedwali linaloonyesha kila aina ya chumba inagharimu pointi ngapi kwa usiku mmoja. Gharama hupanda wakati wa Krismasi, Pasaka na likizo za shule, hupungua nyakati za utulivu, na mwisho wa wiki unaweza kuwa ghali kuliko katikati ya wiki. Chumba kinachotazama wanyama kina pointi nyingi kuliko kinachotazama maegesho ya magari. Kampuni inaweza kuhamisha pointi kutoka msimu mmoja kwenda mwingine, lakini haiwezi kukuza jumla ya mwaka. Ikipandisha Oktoba, lazima ishushe pengine.

Mwaka wa matumizi ni miezi 12 inayoanzia mwezi ambao pointi mpya za mwanachama huingia. Si lazima uwe Januari. Kwa kweli Januari haimo kabisa kwenye miezi ya klabu hii. Mwenye mwaka wa matumizi wa Desemba huanza kuhesabu Desemba hadi Novemba.

Hoteli ya nyumbani ni ile ambayo pointi zake zilinunuliwa. Inampa mwanachama jambo moja tu la ziada, nalo ni kuwahi.

Swali la 5 (alama 10). Mwanachama anawekaje nafasi? Eleza kanuni ya miezi 11 na miezi 7.

Kwenye hoteli yake ya nyumbani, mwanachama anaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla ya siku ya kuwasili. Kwenye hoteli nyingine yoyote ya klabu, anasubiri hadi ibaki miezi 7. Kwa hiyo kwa muda wa miezi minne wenye nyumba wanachagua peke yao, kisha lango linafunguliwa kwa wote. Siku lango linapofunguka, mtu anaweza kuchukua hadi siku 7 za kulala zinazofuatana kuanzia siku ya kuwasili, yaani hahitaji kurudi kila asubuhi kuongeza usiku mmoja mmoja.

Kwenye intaneti lango hufunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa za Florida. Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni saa tisa alasiri wakati Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na saa kumi wanapozirudisha.

Mchukue mama mmoja aliyehamia Minneapolis kutoka Mombasa. Kwake lango linafunguka saa moja asubuhi. Saa moja kasorobo ameshabandika chai, kompyuta ndogo iko juu ya meza ya jikoni, ameshaingia kwenye akaunti yake na kujaza tarehe. Mumewe yuko upande wa pili na simu, naye kwenye ukurasa uleule, iwapo kompyuta itakwama. Anachotaka ni chumba cha daraja nafuu pale Jambo House: kidogo kuliko vingine, kinachotumia pointi chache, na ambacho idadi yake ni ndogo mno. Saa inapogonga anabofya. Kama ana bahati, anaona jina la chumba na kitufe cha kuthibitisha. Kama hana, anaona aina zote nyingine isipokuwa hiyo. Shughuli yote inakwisha kabla chai haijachemka, nayo inahusu safari ya mwaka ujao ambayo watoto hata hawajaambiwa.

Swali la 6 (alama 4). Kokotoa siku ambayo lango litafunguliwa: (a) kuwasili 5 Desemba 2027, hoteli ya nyumbani, (b) siku hiyohiyo, hoteli nyingine, (c) kuwasili 31 Januari 2028, hoteli ya nyumbani.

(a) 5 Januari 2027. (b) 5 Mei 2027. (c) Hapa ndipo mtego ulipo. Ukirudi nyuma miezi 11 unafika 31 Februari, siku ambayo haijawahi kuwapo. Kanuni inasema tarehe ikikosekana, lango hufunguliwa siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, yaani 1 Machi 2027. Ndiyo maana asubuhi hiyo moja watu wa siku kadhaa za kuwasili hugongana mlangoni.

Swali la 7 (alama 20). "Kuwapo kwa orodha ya kusubiri ni ushahidi kwamba kampuni imeuza kupita uwezo wake." Jadili.

Swali hili hutoka karibu kila mwaka kwa sura tofauti. Kauli hii si sahihi, na jibu zuri linaonyesha kwa hesabu kwa nini si sahihi.

Anza na sheria. Sura ya 721 ya sheria za Florida inadai uwiano wa moja kwa moja kati ya haki zilizouzwa na siku za kulala zilizopo. Kwa mwaka mzima, haki za wanunuzi haziruhusiwi kuzidi siku ambazo vyumba vinaweza kulaliwa. Kwa hiyo ukijumlisha mwaka mzima, kila pointi ina mahali pa kulala.

Lakini hakuna anayelala mwaka mzima. Kila mtu analala wiki aliyoichagua.

Tuchukue hoteli ya kubuni yenye studio 10. Siku 300 za mwaka zinagharimu pointi 10 kwa usiku, na siku 65 zinagharimu 20. Chumba kimoja kina pointi 4,300 kwa mwaka. Vyumba 10 vina 43,000. Tuziuze zote kwa wanachama 430, kila mmoja pointi 100. Hatujamwibia mtu. Sasa itazame wiki moja ya mwanzoni mwa Desemba, usiku ni pointi 10. Vyumba 10 mara siku 7 ni siku 70 za kulala. Kila mwanachama akitaka siku 5, wiki hiyo haiwezi kubeba zaidi ya watu 14. Wakijitokeza 30, ambao ni chini ya asilimia 7 ya wanachama wote, angalau 16 wanabaki nje. Februari vyumba hivyohivyo vinaweza kuwa vitupu, na kwenye vitabu vya kampuni hakuna pointi hata moja iliyozidi.

Aliyewahi kucheza upatu anaijua hali hii bila kufundishwa. Niliwahi kuwa kwenye upatu wa walimu kumi na wawili, mchango sawa, zamu moja kila mwezi. Wote tulitaka Januari, kwa sababu ya ada za shule. Mweka hazina hakuwa mwizi wala hakuongeza mtu wa kumi na tatu kwa siri. Januari ilikuwa moja.

Sasa ongeza sababu zinazoukaza msongamano. Ya kwanza ni kwamba chati hufuata matakwa ya watu, ila inachelewa. Mapema Desemba kule Florida mapambo ya Krismasi yameshawekwa, jua si kali, na pointi bado hazijafika zile za wiki ya Krismasi yenyewe. Wanachama wanalijua hilo kama akina mama wanavyojua siku ambayo nyanya zinashuka bei sokoni. Oktoba nako kuna tamasha la vyakula na mvinyo kwenye bustani ya EPCOT, ndani ya Walt Disney World. Penye raha kubwa na bei ndogo, foleni haikosekani.

Ya pili ni mlango wa kati, nayo wengi hawaiandiki. Nyumba nyingi za vyumba viwili vya kulala zimejengwa hivi: upande mmoja kuna nyumba kamili ya chumba kimoja, yenye jiko, sebule na mashine ya kufulia, upande wa pili kuna studio yenye friji ndogo na mlango wake wa kutokea koridoni, katikati kuna mlango. Ukifunguliwa, ni nyumba moja ya familia kubwa. Ukifungwa, ni vitu viwili. Familia moja ikichukua nyumba nzima, studio moja imetoweka kwenye hesabu bila mwenye haja ya studio kujua imekwenda wapi. Na studio ndizo zinazotafutwa kuliko vyote, kwa kuwa ndizo zenye pointi chache. Waliojinunulia pointi kidogo, wote wanakimbilia huko.

Ya tatu ni kuhamisha pointi kati ya miaka. Mwanachama anaweza kuweka pointi zake akiba kwa mwaka unaofuata, mradi afanye hivyo ndani ya miezi minane ya kwanza ya mwaka wake wa matumizi. Anaweza pia kukopa za mwaka unaofuata azitumie sasa. Pointi ya akiba haiwekwi akiba mara ya pili, na ya mkopo hairudi ilikotoka. Katika mwaka wa kawaida wanaoweka na wanaokopa hukaribia kusawazishana. Mwaka 2020 haukuwa wa kawaida. Hoteli za Walt Disney World zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na zile za klabu zikafunguliwa tena 22 Juni. Pointi za safari zilizokufa zikasukumwa mbele kwa wingi. Kampuni ikabana mikopo kwa muda: mtu aliruhusiwa kukopa nusu tu ya pointi za mwaka unaofuata. Pointi unaweza kuzisogeza mwaka hadi mwaka. Usiku wa Aprili 2020 ambao kitanda kilikaa kitupu haukusogezwa na yeyote, na waliokuja baadaye waligombea vitanda vilevile wakiwa na pointi nyingi zaidi mfukoni.

Unaweza kugusia pia vyumba vinavyotolewa kwa ukarabati. Usipoteze aya nzima hapo.

Mwisho wa jibu, mpe aliyetoa kauli haki yake: muuzaji anayemwambia mteja "utalala wakati wowote upendao" amedanganya, hata kama hesabu za kampuni ni safi. Kuuza kupita uwezo na kuahidi kupita uwezo ni makosa mawili tofauti. Mwanafunzi anayeyatenganisha nampa alama za juu bila kusita.

Swali la 8 (alama 8). Eleza maana ya "kutembeza nafasi" na athari zake.

Tumia tarehe za swali la 6. Mwanachama anataka kuwasili 5 Desemba 2027, na lango lake ni 5 Januari. Hasubiri. Tarehe 28 Desemba 2026 anaweka nafasi ya kuwasili 28 Novemba kwa siku 7. Kila lango jipya linapofunguka asubuhi, anaibadilisha: anakata usiku wa kwanza, anaongeza mmoja mwishoni. Pointi zake ni zilezile, zinasogea tu. Ikifika 5 Januari tayari ameshikilia wiki anayoitaka, na anayefika siku hiyo kwa uaminifu anakuta chumba kimekwenda.

Umeshapanda daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni? Gari halijasimama, mtu anarusha begi kupitia dirishani likae kwenye kiti, kisha anazunguka mlangoni taratibu. Ndiyo hiyo.

Athari zake ni mbili. Vyumba adimu vinaonekana vimejaa kabla ya siku vinavyotakiwa, na siku za kulala zinazoachwa nyuma kila asubuhi hurudi sokoni vipandevipande. Mtindo huu ulizaliwa na kanuni za siku 7 na za kubadilisha nafasi. Kama ni haki au si haki, wanachama wenyewe wanabishana, na mimi niko upande wa wale wasiorusha begi.

Swali la 9 (alama 8). Orodha ya kusubiri hufanya kazi vipi?

Mwanachama asiyepata anachotaka huandikisha ombi: hoteli, aina ya chumba, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Nafasi ikipatikana mfumo huangalia maombi kwa kufuata nani alitangulia, kisha humpa yule ambaye ombi lake limetimia lote. Neno la kushika ni "lote". Aliyeomba siku 7 hapewi 6 zilizopatikana. Mfumo unampita na kwenda kwa aliye nyuma yake aliyeomba siku 2. Kwa hiyo kuwa wa kwanza kwenye orodha si sawa na kuwa wa kwanza kupata.

Mwanachama anaweza kuiunganisha orodha na nafasi aliyonayo tayari, ili ombi likijibiwa, ile ya zamani ifutwe yenyewe na pointi zake zitumike. Asiyefanya hivyo ahakikishe ana pointi za kutosha pembeni. Mfumo hauamshi mtu usiku kumuuliza.

Mabaki yasiyotosheleza ombi lolote hurudi kwenye vyumba vya wazi. Hapo ndipo wazoefu, wanaochungulia tovuti asubuhi na jioni, huokota usiku mmoja leo na mmoja kesho mpaka wakakamilisha safari, huku aliyekaa kwenye orodha bado anasubiri.

Swali la 10 (alama 12). "Orodha ya kusubiri haisogei kila siku kwa kasi moja." Eleza ni lini husogea, na kwa nini.

Orodha hulishwa na watu wanaofuta safari. Hoteli haijengi chumba kipya. Barabarani, abiria wa Moshi wakizidi mwezi Desemba, mamlaka ya usafiri huruhusu mabasi ya ziada. Hotelini hakuna basi la ziada. Basi jiulize: mtu hufuta safari lini? Hufuta pale kanuni zinapomwambia kwamba kesho itamgharimu.

Wakati wa kwanza ni mwezi wa saba kabla ya kuwasili. Wengi huchukua hoteli yao ya nyumbani miezi 11 kabla kama kinga, huku moyo uko kwingine. Lango la miezi 7 likifunguka wanahama, na walichokiacha kinaangukia waliokuwa wanasubiri. Siku hiyohiyo hoteli moja inapumua na nyingine inakabwa.

Wakati wa pili hautajwi na wanafunzi wengi, nao ndio ninaoupenda: mwisho wa muda wa kuweka akiba. Mwenye mwaka wa matumizi wa Desemba ana hadi 31 Julai. Mwenye wa Februari ana hadi 30 Septemba. Tuseme wa Desemba ameweka nafasi ya Novemba, na mwezi Julai anaanza kuona kwamba likizo kazini haitapatikana. Akifuta kabla ya Julai kwisha, pointi anazisogeza mwaka unaofuata. Akifuta Agosti, pointi zinarudi kwake lakini lazima azitumie kabla ya Desemba, na kufikia Agosti nafasi nzuri zimeshaisha. Kwa hiyo anafuta Julai. Aliye kwenye orodha anapata ujumbe wa furaha katikati ya mwaka na hajui kwamba ni kalenda ya mtu mwingine iliyomsaidia.

Wakati wa tatu ni siku ya 31 kabla ya kuwasili. Anayefuta siku 31 kabla au zaidi, pointi zake hurudi zikiwa nzima. Zikibaki siku 30 au pungufu, huwekwa kwenye akaunti ya kushikiliwa, na kuanzia hapo hutumika tu kwa safari iliyobakiza siku 60 au chini. Mtu anayesitasita hukata shauri siku ya 31. Baada ya hapo foleni hutulia, kisha husogea kidogo karibu na safari kwa sababu za kibinadamu: mtoto kaumwa, ndege imefutwa, bosi kakataa.

Swali la 11 (alama 4). Sahihi au si sahihi? Toa sababu ya mstari mmoja.

*Mwenye pointi nyingi hutangulia kwenye orodha.* Si sahihi. Hutangulia aliyejiandikisha mapema, mradi ombi lake litimie lote.

*Mnunuzi akijuta hana la kufanya.* Si sahihi. Sheria ya Florida inampa siku 10 za kuvunja mkataba.

*Aliyeuziwa pointi na mwanachama mwenzake ana haki zote za aliyenunua kwa kampuni.* Si sahihi. Kwa mfano, aliyenunua kwa mwanachama pointi za hoteli za zamani kuanzia 19 Januari 2019 hawezi kuzitumia kulala kwenye hoteli ya klabu iitwayo Riviera.

*Mwanachama asiyesafiri mwaka huu halipi ada.* Rudi swali la 1.

Swali la 12 (alama 14). Mwanachama ambaye hoteli yake ya nyumbani ni Saratoga Springs anataka studio inayotazama wanyama pale Kidani Village, kuwasili 5 Desemba 2027, siku 5 za kulala. Mshauri.

Kwanza, tarehe 5 Januari 2027 saa mbili asubuhi ya Florida achukue Saratoga Springs kwa siku hizohizo. Haitaki, lakini asilale nje. Mwanafunzi anayeanza na Mei amemwacha mteja wake bila kitanda.

Pili, atazame chati. Studio ya Kidani inayotazama wanyama inakula pointi nyingi kuliko ile ya kawaida ya Saratoga. Tofauti hiyo awe nayo tayari, au ajue kwamba ataikopa kutoka mwaka unaofuata na kwamba mkopo huo haurudishwi. Wengi hujiandikisha kwenye orodha wakiwa na pointi za kulala mahali pamoja na ndoto za mahali pengine.

Tatu, 5 Mei 2027 aijaribu Kidani lango linapofunguka. Akipata, afute Saratoga siku hiyohiyo. Kuna mtu anayeisubiri. Akikosa, aandikishe ombi na aliunganishe na nafasi ya Saratoga.

Nne, achague. Siku zote 5 kwa ombi moja ni safari tulivu lakini ombi zito. Akikubali siku 2 tu za twiga na 3 za Saratoga, ombi la siku 2 litajibiwa kwa urahisi zaidi, ila atahamisha mabegi na watoto katikati ya likizo. Mshauri mzuri anamuuliza mteja ana watoto wangapi kabla ya kumjibu.

Tano, azitie alama kwenye kalenda siku ambazo watu wengine watafuta: siku za mwisho za Septemba, na 4 Novemba 2027, ambayo ni siku ya 31 kabla ya kuwasili. Hiyo 4 Novemba ni siku yake pia, kwa sababu ndiyo ya mwisho kwake kubadili nia bila pointi zake kushikiliwa. Asubuhi hiyo awe macho, tovuti iwe wazi.